H ya Homa, L ya La

Majengo, Mpanda
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mpendwa Vénérande,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Leo naigeuza. Wewe naamini ni mzima huko Mishamo. Hofu ni kwangu.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe. Simu yangu siku hizi ndiyo simu ya duka, inashinda kwenye kaunta na kila mtu wa nyumba hii anaisoma, na haya sitaki yasomwe. Nampa Cletus, kondakta wa basi la kwenu. Ameapa hataifungua.

Mimba ina miezi saba sasa. Wiki iliyopita nilikuwa nahema nikipanda zile ngazi tatu za dukani, jioni miguu inajaa, na mama mkwe wangu akasema lazima nipimwe damu yote, si ile ya kliniki tu. Unamjua Bi Mwanaiddi, akishasema ameshasema. Tukaenda maabara moja ya binafsi hapa mjini. Nilikuwa nimevaa abaya yangu pana, dada wa mapokezi hakuniuliza kama nina mimba, nami sikusema. Nilidhani damu yenyewe itamwambia.

Majibu akayasoma shemeji yangu Abdillah. Yeye ndiye msomi wa hapa nyumbani, ana kidato cha nne na duka la vifaa vya simu. Pembeni ya namba fulani pameandikwa H, pembeni ya nyingine L. Akakodolea macho ile karatasi, akakohoa, kisha akatangaza kwamba H ni homa, yaani homa ya ini, maana H moja iko kwenye kipimo ambacho yule dada mwenyewe alisema ni cha ini. Na L ni "la", yaani hakuna. Akafika kwenye mstari wa damu, akakuta L. Akasema, damu: la. Mama mkwe akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akashangaa nimesimamaje.

Natania, lakini sicheki. Tangu Ijumaa nina kikombe changu peke yangu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio kisichanganyike na vya wengine. Hainiumi sana, kikombe ni kikombe. Niambie tu, wewe unayekaa maabara kutwa nzima: H ni ya homa?

Wako,
Ummy


Mishamo
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Ummy wangu,

Hapana. H si ya homa na L si ya la. Nilicheka mpaka mwenzangu Venant akaacha kazi akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye kikombe, nikaacha kucheka.

Mwambie shemeji yako, kwa heshima zote za kidato cha nne, kwamba herufi hizo ni za Kiingereza. H maana yake namba iko juu, L maana yake iko chini. Sasa juu na chini kuliko nani? Hapo ndipo penye kosa. Mashine imewekewa viwango vya mtu mzima asiye na mimba, na kila damu inayoingia inalinganishwa na ya mtu huyo. Mashine haioni tumbo. Usipowaambia watu wa maabara, itakuandikia herufi za mwili ambao si wako.

Chukua hiyo damu uliyoambiwa huna. Unapopika maharage halafu wageni wakaja ghafla, unaongeza maharage kidogo na maji mengi. Sufuria imejaa kuliko mwanzo, ila ukichota kijiko kimoja unaona mchuzi ni mwepesi. Mwili wako umepata mgeni, umefanya hivyohivyo. Una damu nyingi kuliko ulipokuwa msichana, ni nyepesi tu. Ndiyo maana moyo unakwenda mbio na pumzi inakuwa fupi. Figo nazo zinachuja kwa bidii, kwa hiyo namba yake, kreatinini, inashuka. Chembe nyeupe zinapanda bila ugonjwa wowote. Na kile kipimo cha ini chenye H, nina hakika ni ALP. Kitu hicho hakitoki kwenye ini peke yake. Kondo la nyuma, hilo linalomlisha mwanao, nalo linakitengeneza, na kadiri linavyokua ndivyo namba inavyopanda.

Lakini sitakubembeleza kwa sababu nakupenda. Si kila H ya mjamzito ni salama. Niandikie mistari yote ya ini, hasa ALT, AST na bilirubini. Hizo hazipandi kwa ajili ya mimba. Ukiona H hapo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje barua yangu. Kadhalika kichwa kikiuma kikagoma kupoa, macho yakififia, uso ukivimba au viganja vikiwasha. Halafu homa ya ini ina kipimo chake chenyewe, matone machache ya damu na dakika chache. Nenda kliniki ukaombe.

Samahani kwa mwandiko. Siku hizi nikikaa kwenye stuli muda mrefu miguu inajaa. Ni hili joto la Septemba.

Wako,
Vénérande


Majengo, Mpanda
Jumatano, 11 Septemba 2024

Vénérande,

Nilisoma barua yako kwa sauti, sebuleni, mbele ya wote. Niliruka tu pale pa kidato cha nne, Abdillah ana moyo mwepesi. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika tasbihi yake. Kisha akasema huyo ni rafiki yako, lazima akutetee, tena ni mtu wa mashine, hajawahi kubeba mimba ikafika, atajuaje mwili wa mjamzito. Nisamehe kwa kuyaandika hayo. Nilitaka ujue ninachopambana nacho.

Akanishika mikono akaigeuza. Viganja vyangu vimekuwa vyekundu, kweli, tangu mwezi wa sita. Akasema vya Kauthar vilikuwa hivihivi. Kauthar alikuwa binti yake wa kwanza, wifi yangu ambaye sikumkuta. Alifariki kwa homa ya ini, macho yake yakiwa ya manjano. Basi kila nikijibu, najibizana na marehemu, na huwezi kumshinda marehemu.

Nilikuficha jambo. Kikombe hakikuwa mwisho. Jumamosi tarehe 21 napelekwa Sitalike kwa wazazi wangu, nikazalie huko. Mtoto akizaliwa atachukuliwa kuletwa hapa, atalelewa kwa maziwa ya kopo. Wamesema hatanyonya kwangu hata tone moja. Farhan yuko Karema kwenye dagaa, mtandao unakuja na kwenda, na ile mara moja nilipompata, mama yake alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikamwambia mume wangu tuko wazima.

Namba hizi hapa. Hemoglobini 11.3, L. Chembe nyeupe 12.1, H. Kreatinini 45, L. ALP 214, H. ALT 17, AST 19, bilirubini 8, hizo tatu hazina herufi yoyote. Kichwa hakiniumi, macho yanaona, viganja haviwashi.

Kuhusu kupima homa ya ini yenyewe, mama anasema tumeshapima, tupime mara ngapi. Nami nikuambie ukweli, sikubishana sana. Naogopa wasije wakasema ninayo. Maziwa yameanza kutoka, Vénérande. Asubuhi nilikuta kanga imelowa, nikaificha chini ya godoro kana kwamba nimeiba.

Ummy


Mishamo
Jumapili, 15 Septemba 2024

Ummy,

Namba zako ni nzuri. Nimezisoma mara nne, na Venant kazisoma. Karatasi nyingine iliyomo humu ni ya mama mkwe wako, mpe ikiwa hivyohivyo. Kuna kitu nimekuficha na mimi. Utakiona chini ya plasta. Usinikasirikie.

V.


Mishamo
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwa Mama yangu Bi Mwanaiddi,

Shikamoo Mama.

Nimeambiwa umesema mimi ni rafiki wa Ummy kwa hiyo lazima nimtetee. Ni kweli, Mama, sikatai. Basi mimi ninyamaze, aseme Abdillah.

Ndani ya barua hii nimeweka majibu ya vipimo vya mtu mwingine. Sehemu ya juu na sehemu ya chini nimezikunja nikazibandika kwa plasta ya hospitali. Naomba Abdillah asome katikati, mbele yenu wote, kwa namna ileile aliyosoma ya Ummy. Aseme mtu huyo anaumwa nini na anafaa kulia chombo gani. Akishamaliza, uibandue plasta wewe mwenyewe kwa mkono wako, si mtu mwingine.

Pole kwa Kauthar, Mama. Sikuwa nimejua.

Mwanao,
Vénérande


Majengo, Mpanda
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Wewe Vénérande,

Wiki ishirini na tisa. Umekaa na mimba wiki ishirini na tisa unaniandikia habari za stuli na joto la Septemba.

Ngoja nianze mwanzo. Jana baada ya magharibi tulikaa wote. Abdillah alifurahi sana kupewa kazi, alivaa hata miwani ya jua aliyoisogeza kichwani. Akasoma. Hemoglobini 11.2, L, damu: la. Chembe nyeupe, H, homa. ALP 158, H, homa tena, na hii ndiyo ya ini. Akaweka karatasi chini akasema mtu huyu anaumwa kama Ummy kabisa, atengewe vyombo, na asikae karibu na watoto. Mama akasema maskini, mtoto wa nani huyo. Akaanza kubandua plasta, polepole, maana ulibandika kama unafunga mfupa.

Mama hasomi herufi hizi, anasoma za Qurani. Akampa Abdillah. Abdillah akasoma jina lako. Akasoma umri wako. Akasoma: mjamzito, wiki 29. Akabandua ya chini akasoma: kipimo cha homa ya ini, hakuna, kapima Venant, na sahihi yake. Halafu akaishusha ile miwani machoni, ndani ya nyumba, na hakuna aliyemcheka.

Mama akaichukua karatasi yako, akaomba na yangu. Akazilaza kwenye mkeka bega kwa bega. Akaomba aonyeshwe H ikoje. Akapitisha kidole, H kwa H, L kwa L, mstari kwa mstari. Alirudia tena. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Kisha akaniuliza ni kwa nini ulikuwa umeficha, nikasema sijui, ila nakumbuka mwaka jana mimba yako ilitoka ikiwa na miezi mitano wakati kijiji kizima kilishapika uji wa kukupongeza. Halafu akasema, "Kwa hiyo huyu mtoto wa watu katoa siri yake ili wewe umnyonyeshe mwanao."

Vénérande, nililia palepale.

Safari ya Jumamosi imevunjwa. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki kupima homa ya ini yenyewe. Bado naogopa, lakini sasa naogopa nikiwa na mtu wa kwenda naye. Wewe ukae chini, uweke miguu juu, na umpe mumeo Fabrice pole kwa kuvumilia siri yako.

Wako mimi,
Ummy


Majengo, Mpanda
Jumanne, 24 Septemba 2024

Bismillahi.

Kwa binti yangu Vénérande, mke wa Fabrice, Mishamo.

Nasema mimi Mwanaiddi, anaandika Abdillah. Nimemwonya aandike nisemalo na asiongeze lake.

Marahaba. Ijumaa tulikwenda. Nilisimama pale dirishani nikasema kwa sauti, huyu ana mimba, andika kwanza hilo. Foleni nzima ikanisikia, na wanawake wawili wakarudi dirishani kusema na wao wanazo. Wakampima. Hana homa ya ini. Daktari akaangalia ile karatasi ya kwanza, akasema kwa mimba ya umri ule hayo ndiyo majibu ya mwanamke mzima, na kwamba hata viganja vyekundu huja na mimba na huondoka nayo. Nilimuuliza mara tatu. Ya tatu akacheka, lakini alijibu.

Sasa nikueleze la Kauthar, kwa sababu wewe ulinieleza lako. Alipougua niliogopa. Nilimtengea vyombo, nilimpitishia chakula dirishani, na mwezi wa mwisho sikukaa naye mkeka mmoja. Baada ya yeye kuondoka daktari aliniambia ugonjwa ule hauambukizi kwa sahani. Sikutaka kusikia. Kama nilikosea kwa Kauthar, ningeishije? Ikawa rahisi kuamini nilikuwa sahihi, na kufanya vilevile kwa mke wa Farhan. Hili sijamwambia mtu. Abdillah anaandika huku anafuta macho, amesahau nimemkataza kuongeza lake.

Kile kikombe sasa nanywea mimi. Uzi sijaufungua, nataka niuone kila asubuhi. Ummy anakunywa kwenye vikombe vya wote, na jana nilimpa changu cha zamani chenye maua.

Farhan amerudi jana. Nimemweleza yote mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Aliinuka akaenda kukaa na mkewe. Sikumlaumu.

Siku yako ikikaribia, kama mtaona vyema kuja kusubiri hapa mjini karibu na hospitali, chumba kipo. Si cha kulia chakula peke yako.

Mama yako,
Mwanaiddi

Mimi Abdillah naongeza kidogo. Dada, nisamehe. Nimenunua kamusi.


Majengo, Mpanda
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Vénérande,

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine una kazi.

Jumanne saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Alilia kabla hajatoka vizuri, muuguzi Skolastika akasema huyu amekuja na malalamiko yake. Alipowekwa kifuani alitafuta mwenyewe, akapata, akanyonya kama mtu aliyeahidiwa. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akamfunika miguu kwa kanga, ileile niliyoificha chini ya godoro. Kumbe aliikuta siku nyingi, akaifua akaitunza.

Nilimwambia jina nampa yeye. Alichukua siku mbili. Jana akasema Kauthar, kama sitajali. Nikasema nilikuwa nangojea aseme hivyo.

Viganja vimeanza kurudi rangi yake. Damu nimepimwa tena baada ya kujifungua, Abdillah alikuja na kamusi mfukoni akauliza, juu au chini? Nikamwambia iko njema. Na usifikiri mama ametulia. Mjamzito yeyote anayekuja dukani kununua hata kiberiti anaulizwa, ukipimwa damu unawaambia una mimba? Wengine wanaleta karatasi zao. Abdillah anawasomea, juu, chini, kisha anawaambia haya si yangu kuamua, nendeni mkaonane na daktari mkiwa mnajua cha kuuliza. Mama anasimama nyuma yake na kikombe chake cha uzi, akihakikisha amesema hivyo.

Chumba chako kimefagiliwa. Ukishindwa kuja, basi niandikie. Siku zako zimebaki chache nami nazihesabu, japo najua hupendi.

Ummy


Mishamo
Ijumaa, 6 Desemba 2024

Kwa Ummy, Mama, Farhan na Abdillah,

Sikuwahi kuja, mtoto hakungoja basi. Namtuma Cletus na majibu haya. Abdillah ayasome kwa sauti, mbele ya wote.

Jina: Aline, binti wa Fabrice.
Siku: tatu.
Uzito: kilo tatu na nusu. H.
Sauti: H, majirani ni mashahidi.
Maziwa ya mama: H.
Usingizi wa mama: L.
Usingizi wa baba: L zaidi, anakaa macho kuhakikisha mtoto anapumua.
Uji wa kupongeza: H. Safari hii nimeunywa wote.
Hofu: L.

Hiyo ya mwisho, Abdillah, weka kamusi pembeni. Isome kwa namna yako ile ya zamani.

Wako,
Mama Aline